Maoni ya Watazamaji wa Lurambi

Jumapili ya tatu baada ya kumzika Elkanah, watu wa Lurambi walirudi kutazama televisheni nyumbani kwake, utadhani mwenyewe ametoka tu kwenda kununua sabuni. Hawakuwa wabaya. Tuambiane ukweli, kipindi kilikuwa kimebakiza sehemu nne, na televisheni nyingine ya karibu ilikuwa ya padri, na padri Jumapili alikuwa mtu wa mpira. Kwa hiyo saa kumi na nusu Osiako, askari mstaafu, aliingia na kiti chake mwenyewe, akasema pole, akakiweka palepale alipozoea kukiweka. Pascalia wa boma la pili akaja na njugu kwenye leso. Barasa, ndugu mdogo wa marehemu, akaleta betri ya gari aliyokuwa ameipeleka kuchajiwa sokoni, akaunganisha nyaya bila kumuuliza mtu. Mwisho akaja Navalayo, mama yao, na fimbo yake, akakaa kwenye kochi ambalo mwanawe alikuwa akikalia.

Selpher aliwapisha. Alikuwa mjane wa majuma matatu, kichwa kimenyolewa, na tangu siku ya kwanza hakuwa ametoa chozi hata moja.

Hilo la chozi lazima nilieleze vizuri, maana ndilo lililoleta mambo yote. Kwetu mume akifa, mke hulia hadi barabarani. Huvaa koti la marehemu, akapita katikati ya miwa akipaza sauti, akimwita kwa majina yake yote na kumuuliza amemwachia nani watoto, na wanawake wengine wanamfuata wakimwitikia. Anayelia vizuri husifiwa mwaka mzima. Selpher alivaa koti. Lilikuwa koti la kijivu la kazini, mfukoni bado mna kalamu na kipande cha chaki. Alitoka nalo mpaka barabara ya Malava, akasimama ukingoni matrekta yakipita, akafungua mdomo. Sauti haikuja. Wanawake nyuma yake walingoja. Kisha akageuka, akarudi nyumbani kimya, nao wakamfuata wakiwa hawajui wafanye nini na mikono yao. Kitu cha namna hiyo hakikuwa kimewahi kuonekana Lurambi.

Wala ndani yake hakukuwa na siri yoyote. Alikuwa amekufa ganzi, basi. Ukiukalia mguu kwa muda mrefu unajua mguu upo, unauona, lakini ukiufinya si wako. Selpher alikuwa hivyo mwili mzima. Alipika, alifagia, aliwaandikia barua binti zake wawili waliorudi shule ya bweni, Naliaka na mdogo wake, akawaambia wasome kwa bidii. Alipoisoma barua ile kabla ya kuifunga, aliona ni barua nzuri ya mtu mwingine.

Kifo chenyewe kilikuwa chepesi mno, na wepesi ule ndio uliomponza Selpher. Elkanah alikuwa karani wa mizani. Alikaa kwenye kibanda kando ya njia, akapima matrekta ya miwa yakiwa yamejaa na akayapima tena yakiwa matupu. Jumamosi moja alirudi saa saba mchana, akala obusuma kwa ingokho, yaani ugali kwa kuku, akasema mchuzi haujakolea chumvi, akaongezewa. Akanywa chai. Akasema kichwa kinamgonga, akajilaza kwenye kochi ili apumzike kidogo. Hakuamka. Daktari alisema ni presha, mshipa umepasuka kichwani, akaandika hivyo kwenye karatasi. Barasa aliisoma karatasi ile mara mbili, akaikunja, akauliza kuku alichinjwa na nani.

Sasa, hicho kipindi. Kiliitwa Mizani ya Karani. Kilianza mapema mwaka huo wa tisini na sita, kila Jumapili saa kumi na moja jioni, na kilitoka kwenye kitabu cha hadithi. Ni mambo ya miaka ya thelathini, dhahabu ilipochimbwa hapa hapa Kakamega na wazungu wakajaa na mahema yao. Karani Zakayo anapima dhahabu kambini. Katika sehemu ya pili anakutwa amekufa kwenye kibanda chake, mbele yake kikombe cha chai kilichopoa. Nani amemuua? Kuna mzungu mwenye kambi, mkali kama pilipili. Kuna mpishi wa mzungu. Kuna mwenye duka, mtu wa kuchekacheka, ambaye ananunua dhahabu ya wizi kupitia mlango wa nyuma. Na kuna Rasoa, mke wa karani, aliyeipika ile chai.

Elkanah alikipenda kipindi kile kupita kiasi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona mtu wa kazi yake kwenye televisheni, ingawa huyo mtu aliuawa mapema. "Mizani haishikwangi hivyo," alikuwa akisema. "Huyo anapima kama mtu anauza nyanya." Na kila mtu alikuwa na lake. Osiako aliumia kwa sababu ya soksi za polisi, akaapa kwamba soksi za namna ile zilikuja baada ya vita. Pascalia alitaka kujua ni mwanamke gani wa Kakamega alikuwa na viatu vya kisigino mwaka wa thelathini na tatu. Navalayo, ambaye mwaka huo alikuwa msichana wa kuchota maji, alisema yeye alikuwako, na wazungu aliowaona hawakuwa wanene hivyo, walikuwa wamekonda na wanakohoa.

Kituo cha televisheni kiliomba barua, na mwisho wa kila sehemu mtangazaji alizisoma chache. Elkanah ndiye aliyeanzisha za Lurambi. Kipindi kikiisha alizungusha swali chumbani, kila mtu akatoa maoni yake, na Selpher akaandika. Yeye ndiye aliyekuwa na mwandiko. Alikuwa karani wa chama cha akina mama kanisani, na ndiye aliyeandikia nusu ya Lurambi barua za Nairobi. Aliandika maneno ya watu kama walivyoyasema, akamalizia kila barua kwa "Ni sisi watazamaji wa Lurambi, Kakamega", na Jumatatu Elkanah akazipeleka posta. Zile za mwanzo zilisema muuaji ni mwenye duka, kwa kuwa Elkanah alilishikilia hilo tangu siku ya kwanza. "Mtu anayecheka kabla hujamaliza kusema," aliwaambia, "huyo anafichanga kitu."

Halafu akaenda maktaba ya mjini, akaazima kitabu chenyewe. Akaweka sheria: aliyesoma kitabu hafungui mdomo mbele ya wengine. Alikuwa akikisoma taratibu, kurasa chache kila siku baada ya kazi, na alama yake ilikuwa kipande cha pakiti ya majani ya chai. Siku aliyokufa alama ilikuwa ukurasa wa mia moja na kumi na mbili.

Jumapili hiyo ya tatu, kwenye kioo, walirudi nyuma wakaonyesha karani Zakayo alivyozikwa. Rasoa alisimama kando ya kaburi akiwa na kitambaa cheupe kichwani. Kamera ilimkaribia, ikakaa usoni pake muda mrefu. Macho yalikuwa makavu.

"Huyo ndiye," Pascalia alisema, akitafuna njugu.

"Huyo ndiye kabisa," Barasa alisema. "Mtu anapendanga bwana yake hawezi nyamaza hivyo."

"Kwa polisi," Osiako alisema, "tulikuwa tunaangalianga kwanza yule halii."

Hakuna aliyegeuka kumtazama Selpher. Walijitahidi sana kutogeuka, wote wanne, shingo zimekazwa kuelekea kioo, na Selpher aliyekuwa amesimama mlangoni na birika aliona migongo minne iliyokuwa ikizungumza juu yake. Hakusikia uchungu. Aliwaza kwamba chai itapoa, akaimimina.

Kipindi kilipoisha Barasa alichukua kazi ya kaka yake ya kuzungusha swali. "Mulamwa, leta daftari," akamwambia shemeji yake Selpher. Akaleta. Akaketi kwenye stuli ndogo, akaandika tarehe.

"Andika hivi," Barasa alisema. "Sisi tumebadilisha maoni. Mwenye duka ni mwizi, lakini kuua hajaua. Muuaji ni mjane. Mjane ambaye halii bwana yake, huyo ndiye alimpatia sumu. Kwetu hiyo inajulikana."

Selpher aliandika. Mkono wake ulikwenda sawasawa kwenye mstari, herufi nzuri za duara. Alipofika mwisho aliwasomea, wakasema ni sawa, akaongeza ni sisi watazamaji wa Lurambi. Ukiniuliza kwa nini aliandika, nitakuambia alivyojiambia mwenyewe: ni kwa sababu aliambiwa aandike. Mtu aliyekufa ganzi ni mtiifu ajabu. Jumatatu aliipeleka posta mwenyewe, kwa kuwa aliyekuwa akipeleka hakuwepo.

Juma lililofuata ikawa hivyo tena, barua kali zaidi. Na juma hilohilo Pascalia alikuja kuchukua moto, akakaa kwenye ngazi, akamwambia lililokuwa likisemwa.

"Mama Naliaka, mimi sikufichi. Barasa ameita kikao cha ukoo. Itakuwa ile Jumamosi inafuata baada ya kipindi kuisha. Wanataka waseme ni nini ilimaliza Baba Naliaka. Wakisema ni wewe, utarudi kwenu, na boma atakaa Barasa."

"Na wasichana?"

"Wasichana ni wa hapa. Wataachwa kwa nyanya yao." Pascalia alikoroga makaa kwenye kigae. "Si ungelia tu kidogo. Hata sasa haijachelewa. Ungetoka hapo nje ulie, mimi nikuitikie, watu wasikie."

"Haiji," Selpher alisema.

"Hata ya uongo?"

"Hata hiyo."

Pascalia alimtazama kwa huruma ya kweli, kisha akaenda na makaa yake kumpikia mumewe. Na kabla ya jua kutua alikuwa ameshawaambia watu wawili kwamba mama yule hata kulia kwa uongo ameshindwa, na lazima iwe ni kitu kizito.

Siku iliyofuata, kazi zote zilipokwisha na nyumba ikabaki kimya mchana kutwa, Selpher alikichukua kile kitabu juu ya kabati. Hakuwa na hamu nacho. Alikuwa amekiona kina muhuri wa maktaba wa tarehe ya kurudisha, tarehe yenyewe imepita, akawaza kwamba Elkanah hakuwahi kuchelewesha kitu maishani mwake. Akafungua penye kipande cha pakiti ya majani ya chai, kwenye ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, akaendelea pale mumewe alipoishia. Alisoma Alhamisi na Ijumaa. Jumamosi alimaliza.

Muuaji alikuwa mwenye duka. Alimtilia karani sumu kwenye sukari aliyompimia yeye mwenyewe dukani huku akicheka. Rasoa hakujua lolote. Kuhusu kutolia kwake, mwandishi alikuwa ameandika mstari mmoja tu: kwamba mwanamke yule alilia miaka miwili baadaye, siku alipokuwa akitafuta kifungo cha shati, na hakuna aliyemwona.

Selpher alifunga kitabu. Akageuka kuelekea kwenye kochi kumwambia Elkanah kwamba amepatia. Kochi lilikuwa tupu. Alibaki ameligeukia muda, mdomo umefunguka nusu, kisha akaenda kuanua nguo.

Lakini tangu siku hiyo alikuwa na kitu cha kushikilia. Alijiambia: wacha kipindi kifike mwisho. Watamwona mwenye duka akipelekwa na pingu, watamwona Rasoa akirudi nyumbani kwake na macho yake makavu, na watanyamaza. Jumamosi yake watakuja kikaoni wakiwa na haya. Hakuhitaji kujitetea, ambalo ni jambo jema, maana maneno ya kujitetea hakuwa nayo. Na sheria ya Elkanah ilikuwa ileile, aliyesoma hafungui mdomo. Jumapili ya kabla ya mwisho Barasa alimwamuru aandike tena kwamba mjane anyongwe, naye akaandika kwa utulivu, akijua anaandika upuuzi. Karibu atabasamu.

Jumapili ya mwisho chumba kilijaa mpaka mlangoni. Osiako alivaa tai. Navalayo aliletewa mto wa kuegemea. Selpher alisimama pale pake pa siku zote, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alijikuta akingojea kitu.

Mpelelezi wa kwenye kioo aliwakusanya wote katika kibanda cha mizani. Akamwuliza mzungu, akamwuliza mpishi. Alipomfikia mwenye duka, mwenye duka akacheka, na Selpher akakaza vidole kwenye mshikio wa birika. Mpelelezi akampita. Akaenda akasimama mbele ya Rasoa. Akatoa kichupa kilichopatikana, alisema, ndani ya mto wake. Rasoa akainua uso, macho makavu, akasema ndiyo, ni mimi.

Chumba kililipuka kwa makofi. Barasa alisimama, akamshika Osiako mkono, wakatikisana kama watu walioshinda kesi.

"Si hivyo," Selpher alisema.

Hakuna aliyesikia. Akasema tena, na safari hii makofi yalikuwa yamepungua. "Si hivyo. Nimesoma kitabu. Kwa kitabu ni mwenye duka."

"Mulamwa," Barasa alisema, "kitabu ni cha mtu mmoja."

Na mtangazaji akatokea, kana kwamba Barasa ndiye amemwita. Akiwa na suti na karatasi mkononi, aliwashukuru watazamaji wote. Akasema barua zilikuwa nyingi mno na nzito mno kiasi kwamba watengenezaji waliamua kuacha mwisho wa kitabu na kufuata maoni ya wananchi, kwani kipindi ni cha wananchi. Akasema angependa kusoma barua moja iliyowagusa sana. Akaisoma. Mjane ambaye halii bwana yake, huyo ndiye alimpatia sumu. Kwetu hiyo inajulikana. Ni sisi watazamaji wa Lurambi, Kakamega. Kabla ya kuiweka chini aliinua karatasi ile mbele ya kamera, akasifu na mwandiko.

Selpher aliutambua. Kwenye kioo cheusi na cheupe kisichoshika vizuri, aliziona herufi zake za duara. Walipiga makofi tena, kwa furaha ya kusomwa Nairobi, na katikati ya makofi yale wakakumbuka nyumba waliyomo. Sasa wakageuka. Wote walimtazama, hata waliokuwa mlangoni, naye akasimama na birika lake asihisi kitu, isipokuwa kwamba kile alichokuwa amekishikilia hakikuwepo tena.

Kikao kilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, sebuleni palepale. Televisheni ilifunikwa kitambaa. Walikuwepo Navalayo, Barasa, ami zao wawili kutoka Malava, na Osiako na Pascalia kama majirani wa kushuhudia. Wakaomba. Wakanywa chai, aliyoipika Selpher, na ami mmoja alingoja kwanza aone Osiako akinywa.

"Tuanze," Barasa alisema. "Mulamwa, leta daftari. Utatuandikia."

Usishangae. Hakuwa anamdhihaki. Kila kikao cha ukoo ule kwa miaka kumi na minne kilikuwa kimeandikwa na Selpher, na hakuna aliyekuwa amefikiria hiki kitaandikwa na nani. Hata yeye hakuwa amefikiria. Alileta daftari, akaketi kwenye stuli, akaandika tarehe, mahali, majina ya waliohudhuria mmoja mmoja, na chini yake akapiga mstari kwa rula.

Barasa alizungumza kwa muda mrefu. Alitaja kuku, chai, barabara ya Malava, sauti iliyokataa kutoka. Hakutaja televisheni, lakini mara mbili alimwita marehemu kaka yake "karani" tu, jambo ambalo hakuwa amezoea. Ami zake waliitikia kwa vichwa. Navalayo alikuwa amefumba macho, na hukuweza kujua kama anasikiliza au amelala.

"Kwa hivyo andika," Barasa alisema. "Ukoo umekaa na umekubaliana. Elkanah alimalizwa na bibi yake, Selpher, kwa chakula. Selpher atarudi kwao mwisho wa mwezi huu."

Selpher aliandika "Ukoo umekaa". Kalamu ikasimama. Haikuwa hasira, na wala haukuwa ushujaa, nisije nikakudanganya. Aliona tu herufi zake, za duara, nzuri, zilezile alizoziona Jumapili kwenye kioo, na mkono ukakataa kama sauti ilivyokataa siku ile barabarani. Alifuta wino kwenye ncha, akaiweka kalamu juu ya daftari, akalisogeza daftari mezani.

"Hiyo siandiki, mulamwa," alisema. "Aandike mwenye kuisema, na chini yake aweke jina lake."

Barasa alivuta daftari kwa haraka. Alijua kuandika vizuri tu. Alishika kalamu, akainama, akaandika neno moja, akakohoa. Akaangalia alichoandika. Kisha akasema mkono wake una kidonda cha panga, ami aandike, yeye ni mkubwa.

Ami mkubwa alijipapasa mifuko yote minne, akasema miwani imebaki Malava. Ami mdogo akasema mkubwa akiwepo mdogo haandiki. Daftari likamfikia Osiako, ambaye katika utumishi wake alikuwa ameandika taarifa elfu moja za watu waliopigana sokoni. Akalitazama, hakuligusa.

"Ukiandika jina ya mtu hivyo," alisema polepole, "kesho unaulizwa ushahidi iko wapi. Mimi sina."

"Si Jumapili ulisema," Barasa alianza.

"Jumapili ilikuwa televisheni."

Pascalia alisema aliacha shule darasa la pili. Pascalia ndiye aliyesoma somo la kwanza kanisani kila mwezi, na wote waliokuwemo walijua. Alilisukuma daftari kwa kidole kimoja, likarudi katikati ya meza.

Nje jogoo alikuwa anaparua kwenye majani makavu ya miwa.

"Daftari imerudi?" Navalayo aliuliza, bila kufumbua macho.

"Imerudi, mama," Barasa alisema.

"Na imeandikwa nini?"

Barasa alisoma. "Ukoo umekaa. Elkanah."

"Hiyo ni kweli," mama yake alisema. "Ukoo umekaa. Na Elkanah alikuwa mtoto wangu. Kama hakuna kingine, nyinyi endeni. Huyu atakaa kwa nyumba yake na watoto wake."

Barasa alitaka kusema kitu, lakini alikuwa bado ameshika kalamu, na ni vigumu kupaza sauti ukiwa na kalamu mkononi ambayo hutaki kuitumia. Akaiweka chini. Wakatoka mmoja mmoja, ami zake kwanza. Osiako alibeba kiti chake.

Navalayo hakutoka. Alingoja mpaka sauti zao zikafika njiani, ndipo akafumbua macho.

"Hicho kitabu," alisema. "Kiko?"

Kilikuwepo. Selpher alikileta, akaketi kwenye stuli, lakini mkwewe akapigapiga kochi kando yake, kwa hiyo akahamia pale. Alimsomea kurasa za mwisho: sukari, mwenye duka, pingu. Alisoma bila kupandisha wala kushusha sauti. Alisoma na ule mstari mmoja juu ya Rasoa na kifungo cha shati. Navalayo alisikiliza mikono ikiwa juu ya fimbo.

"Na mtoto wangu," aliuliza, "yeye alikuwa anasemanga ni nani?"

"Mwenye duka, mama."

"Alijua mwisho?"

"Hakufika mwisho. Alifika hapa." Selpher alimwonyesha kipande cha pakiti ya majani ya chai. "Mimi ndiyo nilimaliza. Alikuwa amepatia. Nilipomaliza niligeuka nimwambie," alisema, na akataka kuendelea, kwamba niligeuka nimwambie umepatia, lakini neno hilo halikupita. Sauti iliyokataa barabarani mbele ya wanawake wote wa Lurambi ikaja sasa, mchana wa Jumamosi, kwa sababu ya jambo dogo kama hilo. Alilia kwa nguvu. Alimwita Elkanah kwa majina yake yote.

Njiani watu wa kikao hawakuwa wamefika mbali. Navalayo angeweza kwenda dirishani awaite, warudi, wasikie, waende waseme. Aliinuka kwa fimbo yake, akavuka chumba taratibu, akafunga mlango, kisha dirisha.

"Hao wameshaona ya kutosha," alisema, akarudi kukaa kando yake.